Wageni Wanane Wasioteleza

Ngo!

Mara moja tu, kisha kimya. Katika usiku wa theluji kijijini Innergrub, mlio ule haufanani na mwingine: ni kiatu cha wavu, cha kukanyagia theluji, kinachokung'utwa kwenye ukuta wa kikanisa, chini kabisa ya mlima, hatua thelathini kutoka dirisha la Kassian. Maana yake anaijua kila mtoto wa bonde lile la Tirol: njia ya mlimani imekanyagwa, imefunguka, apitaye apite. Na jibu lake linajulikana vilevile. Mwenye nyumba ya kwanza hufungua dirisha, humwita mkanyagaji kwa jina lake, mara moja, kwa sauti, ili naye ajue kwamba amesikika na mlima haukumbakiza. Nyumba ya kwanza ni ya Kassian. Mkanyagaji ni dada yake. Na dirisha lile halijafunguliwa kwa miaka tisa. Kassian alilala chali, macho kwenye boriti, mdomo umefungwa kama bahasha. Alisubiri mpaka nyayo zilipoanza kupanda tena kurudi zilikotoka, ndipo akashusha pumzi, akageukia ukuta.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kijiweni.

Kijiwe chenyewe ni benchi refu la msonobari lililoegemea ukuta wa kituo cha zimamoto. Majira ya baridi jua la Innergrub ni la mgawo: huchungulia kati ya vilele viwili saa nne na dakika arobaini, hulipiga benchi lile na si kitu kingine, na saa saba na robo kilele cha pili hulimeza. Basi wazee huanikwa pale kama soksi, bega kwa bega, na kwa kuwa soksi hazina la kufanya, huongea. Mwisho wa kushoto hukaa Kassian, aitwaye Breki, kwani miaka thelathini na moja alishika breki ya lifti ya kijiji, ile iliyowavuta watu juu ili wateremke kwa mbao zao za kutelezea, mpaka wakaguzi walipoifunga kwa uzee. Anayefuata ni Lorenz, aitwaye Barometa, mwenye goti la chuma linalotabiri hali ya hewa na kukosea. Kisha Gebhard, aitwaye Stempu, mpeleka barua mstaafu, anayezijua barua zote za bonde, hasa zisizo zake. Na mwisho wa kulia ni Filomena, aitwaye Spika, mwenye nyumba ya wageni pekee iliyobaki. Chupa ya kahawa ni yake. Asipomimina, kikao hakijafunguliwa.

Siku ile alimimina mapema.

— Leo ni leo, asemaye kesho mwongo, alisema Filomena. Yule mama wa Uholanzi anafika na basi la saa sita. Anakuja kuangalia tulichonacho. Akikipenda, wanakuja wanane, wiki nzima. Asipokipenda, wanakwenda bonde la pili, na mimi ikifika Pasaka nafunga milango, nahamia Innsbruck kwa binti yangu. Na chupa naondoka nayo.

Wote watatu waliitazama chupa. Hakuna aliyeitazama milango.

— Hebu isome tena hiyo barua, Stempu, alisema Lorenz.

Gebhard aliitoa barua kutoka mfuko wa ndani, akaipiga vumbi ambalo haikuwa nalo.

— "Wapendwa wenyeji. Sisi tuko wanane, tunatoka Friesland, mdogo wetu ana miaka sitini na mkubwa wetu sabini na tisa. Hatutelezi."

Akaikunja palepale, kama alivyoikunja mara nne zilizotangulia.

— Hatutelezi! alisema Lorenz. Yaani mtu anaandika hivyo bila aibu. Ni sawa na kumwandikia padri: hatusali, tutafika Jumapili, tutengenezee nafasi mbele.

— Sasa huku mlimani wanafuata nini? aliuliza Gebhard. Bibi yangu aliteleza akiwa na mimba ya baba yangu. Baba yangu aliteleza kabla hajazaliwa!

— Ndiyo maana alitoka vile, alisema Filomena. Nataka mpango, sitaki ukoo. Saa tano hii. Nani anaanza?

Kassian alikohoa. Usingizi ulikuwa umemtoka tangu ule mlio, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini mpango alikuwa nao.

— Tunawapeleka kwenye lifti.

— Lifti imekufa, Breki.

— Imefungwa, haijafa. Tunawaingiza kibandani kwangu, mmoja mmoja. Kila mmoja anaishika breki dakika tano. Mimi pembeni namweleza.

— Unamweleza nini dakika tano?

— Breki.

— Mara nane?

— Kila mtu na breki yake. Mwenda pole hajikwai.

— Huyo haendi pole, huyo haendi kabisa! alisema Filomena. Umemweka bibi wa watu kwenye kibanda kisicho na moto, ameshika chuma, analinda lifti isiyotembea. Hiyo si likizo, Breki, huyo umemwajiri.

Gebhard alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Lorenz akamsubiri amalize, akanyoosha goti lake lililolia kama mlango.

— Mimi ninayo ya uhakika. Magunia ya chakula cha ng'ombe. Unakalia gunia juu ya kilima, unanyanyua miguu, mengine unamwachia Mungu.

— Wamesema hawatelezi, Barometa.

— Wamesema wao hawatelezi. Makalio yao hayakuandika barua.

— We mzee!

— Na wahenga hawakukosea: kuteleza si kuanguka.

— Wahenga walikuwa na nyonga zao walizozaliwa nazo, alisema Filomena. Hawa wana nyonga za hospitali. Kila mnachosema hapa kinaanzia juu kinaishia chini. Akili zenu zimetengenezwa mteremko? Hamna kitu chochote cha mtu aliyesimama wima?

Benchi lilifikiri. Kusimama wima, majira ya baridi, Innergrub. Lilikuwa wazo geni.

— Cha kukaa je? aliuliza Gebhard. Sauna.

— Ipi?

— Ya mpwa wangu. Tunawaogesha kwa mvuke, kisha tunawafunika nyasi kavu za mlimani, zenye joto, mpaka shingoni. Wanatoka laini kama madonge ya mkate kwenye supu.

— Na nani anawapokea humo ndani?

— Mimi.

— Uchi?

— Ndiyo desturi ya sauna, Spika, utafikiri wewe si wa hapa. Nikiingia na suruali nitaonekana mshamba. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Lorenz. Hapo mwenyeji atapona kweli. Mgeni ndiye atakayeugua.

— Nimechora mstari, alisema Filomena. Akina mama wa watu hawajasafiri siku nzima kuja kumwona Stempu bila bahasha. Lingine!

Akamimina kikombe cha pili, na kikombe cha pili ndicho kinachoharibu watu. Lorenz alishika goti kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuapa juu yake.

— Tunawazika.

— Nini?

— Kidogo tu! Kwenye theluji. Mazoezi ya uokoaji wa maporomoko. Tunachimba mashimo manane, tunawalaza, tunawafunika mpaka hapa kifuani, halafu tunamwachia mbwa wa zimamoto awatafute. Anawafukua, wanalia kwa furaha, wanapiga picha. Nani atasahau likizo kama hiyo?

— Mbwa wa zimamoto ana miaka kumi na nne, alisema Kassian. Hanusi kitu. Mwaka jana alipita juu ya mguu wangu akanibwekea saa nzima akidhani sipo.

— Ananusa soseji. Kila mgeni tunamzika na soseji yake.

— Na asiyekula nyama?

 Hilo Lorenz hakuliona.

— Asiyekula nyama tunamkumbuka kwenye misa, alisema Gebhard. Lakini mimi nasema hivi: kwa nini tusiwape harusi? Watu hupenda harusi za vijijini. Tunapiga tarumbeta, tunachinja, Breki anakuwa bwana harusi...

— Bibi harusi nani?

— Tunachagua mmoja wa wale wanane. Wanapiga kura njiani wakiwa wanakuja.

— Mungu wangu, alisema Filomena. Nitafunga kabla ya Pasaka. Nitafunga leo.

Lakini hakucheka. Aliiweka chupa mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili, na waliomzoea wakajua kwamba sasa anakuja na lile ambalo tangu asubuhi amelizunguka.

— Barometa, goti lako lilisema nini jana?

— Kwamba hakutakuwa na theluji.

— Imeanguka kiasi gani?

— Mpaka hapa. Goti lilisema kwa ujumla.

— Imeanguka mpaka kwenye paja la mtu mzima, alisema Filomena. Na alfajiri nilipotoka kutupa majivu, njia ya juu ilikuwa imeshakanyagwa. Tambarare. Vijiti vya alama vimesimikwa, na vitambaa vyekundu vimefungwa. Mtu wa miaka sabini na tisa angeipita na fimbo moja. Nilisikia ngo usiku. Nyinyi hamkusikia?

Lorenz alitazama goti. Gebhard alitazama barua.

— Sikusikia, alisema Kassian.

— Wewe? Unayelala hatua thelathini?

— Nina usingizi mzito.

— Una macho mekundu.

Hapo kikao kilikufa kidogo. Maana wote walijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Miaka tisa nyuma, kwenye ukumbi wa kijiji, kulikuwa na mkutano wa lifti mpya. Ramani ilibandikwa ukutani, na katikati ya ramani palikuwa na konde moja la majani, pale juu, na njia ya zamani ikilipita. Konde lilikuwa la dada yake Kassian. Waliuliza mara tatu, akajibu mara tatu: njia hii mama aliikanyaga, na mimi naikanyaga, nguzo ya lifti haisimami juu yake. Mpango ukaanguka. Kassian, ambaye tayari alishajiona ameshika breki mpya inayong'aa, alisimama mbele ya watu wote akasema kuanzia leo jina la huyu lisitajwe mbele yangu. Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni hasira ya wiki moja. Kassian hakucheka. Kijiwe nacho, kwa kumheshimu au kwa kuchoka kugombana naye, kikaanza kumwita dada yule "Huko Juu". Huko Juu anauza jibini. Huko Juu bata wake wameangua. Wiki ikawa mwaka, mwaka ukazaa minane.

— Tuseme ukweli, alisema Lorenz, taratibu, safari hii bila goti. Bonde la pili walijenga lifti mpya mwaka uleule. Krismasi hii lifti hiyo, bila theluji, ilikuwa inaning'inia juu ya majani mabichi. Ng'ombe walikuwa wanaishangaa.

— Sikuuliza habari za bonde la pili, alisema Kassian.

— Ninachosema...

— Najua unachosema.

— Tunayo njia! alisema Filomena, akapiga chupa kwa kiganja. Saa moja na nusu kupanda, saa moja kushuka, kikanisa chini, jibini juu, jua njia nzima. Hakuna mbao, hakuna gunia, hakuna makalio, hakuna anayezikwa. Tatizo si njia. Tatizo ni kwamba nikimwambia yule mama "njia ipo", atauliza inafunguliwa na nani, lini, tunamwona wapi. Mtu wa kawaida huuliza hivyo. Sasa nimjibu nini? Inafunguliwa na Huko Juu? Niseme mlima unajikanyaga wenyewe?

— Aliye juu mngoje chini, alisema Kassian, akitazama viatu vyake.

— Umemngoja miaka tisa, Breki! Ile methali ni ya mtu anayeringa. Huyu kila theluji inapoanguka anashuka mwenyewe mpaka ukutani kwako, usiku, kwa miguu, anabisha hodi. Alishashuka. Wewe ndiye uliye juu.



Kulikuwa na jambo ambalo kijiwe hakikulijua, na Kassian hakuwa tayari kulikabidhi kwa kijiwe, kwa maana jambo likishafika kijiweni halirudi nyumbani. Wiki iliyopita theluji ilianguka tangu jioni. Alilala akisubiri. Saa tisa, kimya. Saa kumi, kimya. Saa kumi na moja alijikuta amesimama mlangoni, amevaa viatu, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, ameshika tochi na kamba. Hakukumbuka alivyoteremka ngazi. Ndipo ukaja: ngo! Akasimama vilevile gizani, kamba mkononi. Kilichompanda kooni kilikuwa jina. Kilikuwa na herufi zake zote. Akakimeza, akavua viatu, akarudi kitandani.

— Basi saa sita hii, alisema Lorenz. Basi liko wapi?

Basi halikuwapo. Barabara ya chini ilikuwa tupu, nyeupe, haina hata tairi moja.

— Wameifunga barabara, alisema Gebhard. Haliji leo. Basi. Mama wa watu kageuza, keshaingia bonde la pili, wanampa soseji.

Filomena alianza kufunga kifuniko cha chupa. Alikifunga polepole, mzunguko mmoja, wa pili. Ndipo kikohozi kikasikika nyuma yao, si upande wa barabara, bali upande wa mlima. Wakageuka wote wanne kwa pamoja, jambo ambalo kwa shingo zile halikuwa dogo.

Kando ya kikanisa alisimama mwanamke mrefu wa makamo ya uzee, mashavu mekundu kama bitiruti, begi mgongoni, fimbo mkononi, theluji mpaka kwenye magoti tu.

— Samahani, alisema, kwa Kijerumani cha kuokoteza. Namtafuta Bibi Filomena. Mimi ni Sietske. Barua.

— Umetokea wapi, mama? Filomena alikuwa ameshasimama.

— Dereva alisema chini kumefungwa. Akanishusha kule juu, kwenye njiapanda ya mlima. Akasema kuna njia, fuata vitambaa. Nikafuata vitambaa.

— Peke yako? aliuliza Lorenz.

— Na vitambaa.

Wakamkalisha katikati, penye jua zaidi. Filomena akafungua kifuniko tena, akammiminia kahawa, na kwa haraka, kabla mgeni hajameza la kwanza, kijiwe kikamwangukia.

— Mama, tumekuandalieni mambo, alisema Gebhard. Kuna sauna.

— Kuna gunia, alisema Lorenz.

— Gunia?

— Na kuna mazoezi mazuri sana. Unalala, tunakufunika kidogo, una soseji yako...

— Mnanifunika?

— Mpaka kifuani!

— Usimsikilize, alisema Filomena. Msamehe, mama, jua limempiga upande mmoja. Tulichanganyikiwa tuliposoma kwamba hamtelezi. Huku kwetu barua kama hiyo haijawahi kuja.

Sietske aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

— Lakini baada ya pale niliandika.

— Baada ya wapi?

— "Hatutelezi. Tunatembea." Niliandika hivyo. Chini yake nikaeleza. Kurasa mbili.

Vichwa vitatu vilimgeukia Gebhard.

— Stempu, alisema Filomena kwa sauti ya chini, iliyotisha kuliko ya juu. Barua ina kurasa mbili?

— Nilipofika "hatutelezi" nikapata mshtuko, alisema Gebhard. Nikaona huko mbele kutakuwa na kibaya zaidi.

— Miaka arobaini unasoma barua za watu mpaka stempu! Moja tu, moja tunayotaka isomwe, unasoma mistari mitatu!

— Zile zilikuwa za watu. Hii ilikuwa yetu, haina utamu.

Sietske alicheka, akaweka fimbo chini. Akaeleza kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Kwao hakuna mlima, hakuna hata kilima, kitu kirefu zaidi ni ng'ombe. Lakini kuna bahari ambayo mara mbili kwa siku inaondoka, inaacha tope, na watu huvuka tope lile kwa miguu mpaka kisiwani, saa tatu, saa nne, kabla maji hayajarudi. Wale wanane huvuka pamoja kila mwaka. Wanatembea nyuma ya mtu anayejua. Tope linabadilika kila wiki, mfereji uliokuwa hapa unahamia kule, kwa hiyo huyo mtu hutangulia siku moja kabla, peke yake, anaipima njia kwa miguu yake, anasimika vijiti.

— Leo nimekutana na vijiti, alisema. Nikajisemea, ah, hata hapa yupo. Kila palipo na shimo chini ya theluji, kijiti kimesogezwa. Kila mteremko, hatua zimefanywa fupi. Mtu huyo alinifikiria kabla sijafika. Nimeshuka saa nzima, sikuogopa hata mara moja. Sisi hatutaki kingine. Wiki nzima, hiyo hiyo.

Filomena alijifuta jicho kwa kona ya kitambaa cha kichwani, akasingizia moshi, na moshi haukuwapo.

— Basi wanakuja? aliuliza Lorenz.

— Tunakuja. Wote wanane. Lakini kwanza nimshukuru. Kwetu huwezi kupita kwenye njia ya mtu halafu ukamwita "wewe". Ukifika ng'ambo unalitaja jina lake, kwa sauti, ndipo unavua viatu.

Akatazama viatu vyake vilivyolowa, akawatazama tena.

— Anaitwa nani?

Wote wanne wakaanza kuvitazama viatu vyake.

— Manispaa, alisema Lorenz hatimaye.

— Manispaa hawaamki kabla ya saa tatu, alisema Filomena, bila kumtazama.

— Ni desturi, alisema Gebhard. Ni desturi ya zamani sana, mama, yenyewe tu huwa ina...

— Desturi ina mguu mdogo, alisema Sietske. Nimeuona njia nzima. Ni mwanamke, si kijana. Na mguu wa kushoto unaangalia nje.

Kassian alifumba macho.

Mguu wa kushoto unaangalia nje. Alikuwa na miaka minane, dada yake kumi na mmoja, sleji ya kuburutia nyasi kavu juu ya theluji ikiteremka kutoka konde lile la juu, yeye nyuma ameshika mti wa breki kwa mikono miwili. Kisha sungura alikatiza, sungura tu, na mikono ikaachia. Usiku ule, mganga akimfunga dada yake mguu kwa mbao, mama aliuliza: nani alikuwa ameshika breki? Dada yake alikuwa mweupe kama shuka. Alimtazama Kassian aliyejificha nyuma ya jiko. Akasema: sikumbuki, mama. Akaulizwa tena kesho yake, na mwezi uliofuata, na hata mama alipokuwa anakufa aliuliza kwa mzaha. Sikumbuki, mama. Maisha yote hakulitaja jina la Kassian. Alilificha ili kumwokoa. Naye Kassian amelificha la dada yake miaka tisa, kwa ajili ya lifti.

— Labda sijauliza vizuri, alisema Sietske, akiwatazama mmoja mmoja. Kijerumani changu kibaya. Nauliza jina tu. Jina la mtu.

— Umeuliza vizuri, mama, alisema Filomena. Akageuza chupa juu ya kikombe cha Kassian. Yalitoka matone mawili, na la tatu likang'ang'ania mdomoni likakataa kuanguka. Kahawa imekwisha, Breki, alisema.

Ukingo wa jua ulikuwa umefika kwenye mguu wa benchi. Kivuli cha kilele kilipanda magoti yao, la chuma na yasiyo ya chuma. Kassian aliweka kikombe chini. Alisimama. Lorenz alinyoosha mkono kumshika kiwiko, akaurudisha.

Hakumgeukia mgeni. Aligeukia mlima, pale ambapo moshi mwembamba ulikuwa umesimama wima juu ya paa moja peke yake, akanyanyua mikono yote miwili mbele yake na kuitanua, kushoto na kulia, kama mtu anayefungua dirisha lililokwama kwa miaka. Alivuta pumzi. Sauti ilipotoka ilikuwa na kutu, ikakwaruza kwenye konde la kwanza, ikajikwaa, ikapata nguvu, ikapanda.

— Notburga!